Ustawi kazini: neno la shambani lililovalishwa fulana

"Ijumaa saa kumi na moja tuna ustawi. Mje na raba." Ujumbe huu uliingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ya rafiki yangu, naye akanirushia akijua fika utakavyonikera. Nasoma uzamili wa saikolojia ya mashirika, masomo ya jioni, na tasnifu yangu inahusu kitu hicho hicho wanachokwenda kukifanya na raba. Nimeshazoea kusikia "tumewapa watu ustawi", "fungu la ustawi limekwisha", hata "yule mtu wa ustawi hajaleta maji". Nilikuwa nameza. Hili la ustawi wenye saa limenishinda kumeza.

Maana yenyewe haihitaji mistari mingi. Ustawi kazini ni hali ya mfanyakazi kuwa mzima wa mwili na akili, kuwa na nguvu za kufanya anachofanya na kuona kina maana, kwa kadiri kazi yake ilivyopangwa inavyomruhusu. Hali hiyo inapimika. Dodoso mojawapo maarufu ni WHO-5 la Shirika la Afya Duniani: maswali matano tu kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja lina alama 0 (hata mara moja) hadi 5 (muda wote), unajumlisha kisha unazidisha kwa 4, unapata namba kati ya 0 na 100. Swali la nne linauliza ni kwa muda gani umekuwa ukiamka huku mwili umepumzika. Hakuna swali la fulana ya bonanza.

Basi. Sasa tuje kwenye neno, maana ndiko mchezo ulikoharibikia.

Hapa Tanzania "ustawi" lina bahati mbaya. Mtaani ni jina la ofisi. Mama akimwambia mzazi mwenzake "nitakupeleka ustawi", hamwahidi mema. Anamtishia ofisi ya ustawi wa jamii, akajieleze kuhusu matunzo ya mtoto. Nilipomwambia shangazi yangu kwamba nasomea ustawi kazini alifurahi sana. "Afadhali mwanangu. Wabaneni hukohuko kazini kwao, mshahara ukatwe kabla haujafika baa." Sikumsahihisha siku hiyo. Kwa jinsi mambo yalivyo, shangazi ana nafuu kuliko ofisi ya raba: yeye angalau anajua kwamba ustawi una mtu anayewajibika.

Neno limetoka kwenye kitenzi "stawi", ambacho kwenye kamusi za zamani utakikuta kimeandikwa "sitawi". Asili yake ni Kiarabu, "istawa": kuwa sawa, kunyooka, kukaa wima, kufikia ukamilifu wake. Tunda lililoiva nalo husemwa kwa neno hilo. Waarabu wakiita ikweta "khatt al-istiwa", ni mstari wa usawa, na mzizi ni huo huo mmoja. Mzizi huo huo umetuletea "sawa" na "usawa". Kwa hiyo ustawi na usawa ni watoto wa nyumba moja, ingawa wamekulia mitaa tofauti na siku hizi hawasalimiani.

Waliosoma madrasa watakumbuka aya ya mwisho ya Surat al-Fat-h, ya 29, yenye mfano wa mmea uliotoa chipukizi lake, ukalitia nguvu, ukanenepa, kisha ukasimama sawasawa juu ya shina lake ukawapendeza wakulima. Hapo penye "ukasimama sawasawa" ndipo penye "fastawa", na sidhani kama kuna picha bora ya neno letu kuliko hiyo. Mmea umesimama kwa shina lake wenyewe, haujafungiwa mti wala kupakwa rangi ya kijani, na anayependezwa ni mkulima, kwa sababu anajua alichokifanya mpaka ukafika hapo.

Kiswahili kililipokea neno na shamba lake. Mpunga unastawi, migomba inastawi, mji unastawi. Muulize mkulima yeyote kwa nini mahindi ya upande wa bondeni hayakustawi mwaka huu, atakutajia mvua, mbolea, viwavi, mbegu feki aliyouziwa. Sijawahi kumsikia akisema mahindi yale yalikosa ustahimilivu, au kwamba angeyaitia mzungumzaji wa kuyapa hamasa.

Halafu kuna sarufi, na hapa ndipo ninapokosana na watu. "Stawi" ni kitenzi kisichobeba yambwa. Mtu anastawi, huwezi kumstawi mtu. Ukitaka kumwingiza mwingine ndani ya jambo lazima uongeze kiambishi, useme "kustawisha", na ukishasema kustawisha wa kuulizwa ni mwenye shamba. Ndiyo maana "tumewapa wafanyakazi ustawi" inanikwaruza masikio. Imegeuza hali kuwa mzigo: kitu cha kugawa, cha kusaini umepokea. Na aliyegawiwa akiendelea kunyauka, kosa linakuwa lake, si ustawi alipewa?

Lipo pia neno linalochanganywa na hili hata na watu wazima wa taaluma: maslahi. Kila Mei Mosi mabango yanadai maslahi bora, na yanadai kwa haki. Maslahi ni unachopata kwa kufanya kazi: mshahara, posho, likizo, bima, michango ya pensheni. Ustawi ni namna ulivyo ukiwa unaifanya. Mtu anaweza kuwa na maslahi manono na akawa amekauka kama kuni. Lakini naomba nisieleweke vibaya, maana darasani kwetu wapo wanaopenda kumalizia hoja hii kwa kusema "kwa hiyo pesa siyo ustawi", na mabosi wanaipenda sana hiyo. Johannes Siegrist, mwanasosholojia aliyefundisha Ujerumani, mwaka 1996 alitoa nadharia ya mizani: upande mmoja juhudi anayotoa mtu, upande wa pili malipo, heshima, usalama wa ajira na nafasi ya kupanda. Mizani ikiinama muda mrefu kwa upande wa juhudi, mwili huanza kulipa, moyo ukiwamo. Unaona neno limerudi kwao? Kusawazika. Mshahara umo ndani ya ustawi, ila haujazi chumba peke yake.

Wakati wa kujaribu dodoso langu nilizungumza na keshia wa supamaketi moja hapa Dar. Nilimkuta nyuma ya jengo, amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, amevua kiatu kimoja anajikanda unyayo. Amevaa fulana ya bonanza lao la mwezi uliopita, lililofanyika ufukweni Jumamosi. Nikamuuliza lilikuwaje. "Zuri," akasema, "ila ilikuwa siku yangu ya kupumzika." Akaendelea kujikanda. Kisha, bila mimi kuuliza, akaniambia kinachomtesa: ratiba ya zamu ya wiki nzima hutumwa Jumapili usiku, mara nyingi saa nne imepita. Jumatatu anaweza kupangiwa zamu ya asubuhi na akatakiwa awe kaunta saa moja. Ana mtoto wa miaka 3. Kila Jumapili usiku anakaa na simu mkononi, na mdogo wake anayemlelea mtoto naye amekaa na simu mkononi upande wa pili wa mji, wote wawili wakisubiri picha ya karatasi iliyopigwa kwa mwanga hafifu ofisini kwa msimamizi. "Ukikuza ile picha, majina hayasomeki," alisema, na akacheka.

Swali la nne la WHO-5 alilijibu sifuri. Hakufikiria hata sekunde mbili.

Alichonieleza juu ya lile kreti kina jina. Mtafiti Robert Karasek alikiandika mwaka 1979: kazi inayomuumiza mtu ni ile yenye madai makubwa huku yeye akiwa na sauti ndogo juu ya namna na muda wa kuifanya. Mzigo ukiwa mzito lakini una sauti juu yake, unaweza hata kukukomaza. Mzigo usio na sauti ndio unaokula watu. Wengi wanadhani presha ya kazi ni ugonjwa wa mabosi, kwa sababu mabosi ndio wanaoonekana wakikimbia na simu mbili. Utafiti wa Whitehall, uliofanyika kwa watumishi wa serikali ya Uingereza na ambao jina la mtafiti Michael Marmot limeshikamana nao, ulikuta kinyume: kadiri ngazi ilivyoshuka ndivyo vifo vya maradhi ya moyo vilivyopanda, na matarishi wa ofisini wakafa zaidi kuliko wakubwa waliokuwa wakiwapelekea mafaili. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1985 na watumishi 10,308, ilionyesha kwamba kukosa usemi juu ya kazi yako ni sehemu ya sababu. Hawa wote walikuwa na ajira ya kudumu na mshahara wa uhakika.

Na hizo raba je? Zimepimwa pia. Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 kutoka mashirika 233 ya Uingereza. Alilinganisha walioshiriki programu za mtu mmoja mmoja (mafunzo ya ustahimilivu, programu za simu za kutuliza akili, semina za kupunguza mfadhaiko) na wenzao wasioshiriki. Kwa karibu kila kipimo, walioshiriki hawakuwa na hali bora zaidi. Kilichoonyesha nafuu kidogo ni programu za kujitolea kwa ajili ya jamii. Ni uchambuzi wa wakati mmoja, hivyo haufungi mjadala, na mtu anaweza kusema waliojiunga ndio waliokuwa wamechoka zaidi tangu mwanzo. Lakini hata kule Illinois, Marekani, chuo kikuu kilipowagawa wafanyakazi wake karibu 5,000 kwa bahati nasibu, wengine wakaingizwa kwenye programu ya afya na wengine wakaachwa, mwaka mmoja baadaye gharama za matibabu na siku za kutokuja kazini hazikuwa na tofauti ya maana kati ya makundi.

Simchukii mtu wa bonanza. Nimecheza rede kwenye mabonanza na nimeshinda sufuria. Watu wanaofanya kazi ghorofa tofauti wanajuana, bosi anaonekana akianguka mchangani mbele ya wote, na hayo yana thamani yake. Ninachoomba ni kwamba kitu hicho kiitwe kwa jina lake. Bonanza tunalo neno lake, ni bonanza. Siku ya michezo ni siku ya michezo. Kupima presha na sukari bure ni upimaji wa afya. Ushauri nasaha ni ushauri nasaha, na anayeuhitaji aupate, kwa siri. Mshahara na posho ni maslahi. Likishatumika kwa vyote hivyo, "ustawi" halibaki na pa kusimama, na siku tutakapotaka kuzungumza juu ya ratiba ya Jumapili usiku tutakuta neno limeshapelekwa ufukweni.

Rafiki yangu aliniomba nimtafutie afisa utumishi wao sentensi ya kubadilisha, kwa adabu, asionekane mjuaji. Nikamwandikia hivi: "Ijumaa saa kumi na moja tuna mazoezi ya pamoja, mje na raba, asiyeweza asije." Nikaongeza kwamba kama bado wanataka kulitumia neno ustawi, lianze kama kitenzi na liwe swali, "Je, watu wetu wa kaunta wanastawi?", na wa kuulizwa kwanza awe yule anayepanga zamu: ratiba ya wiki ijayo ameibandika lini, na majina yanasomeka?