Vichwa vya .50 vya jeshi kwenye bunduki ya mitutu miwili

Wenye bunduki za .500 Nitro Express, risasi ya Kiingereza ya kuwindia wanyama wakubwa, hasa wale wanaojijazia risasi wenyewe kule Marekani, huniuliza jambo moja. Vichwa vya .50 vilivyochomolewa kwenye risasi za jeshi za ziada vinauzwa kwa bei ya chee. Kipenyo chake ni inchi 0.510, na bunduki yangu nayo ni ya 0.510. Kuna ubaya gani?

Kipenyo kweli kinalingana, lakini ulinganifu unaishia hapo. .500 ilitengenezewa kichwa cha greni 570, kama gramu 37, chenye kasi ya mita 655 kwa sekunde. Kati ya vichwa vya .50 vya jeshi, M33 ina greni 660 hivi, na M2 ya zamani inapita 700. Zote ni za bombomu ya Browning, inayozirusha kwa mita 850 hadi 890 hivi kwa sekunde.

"Basi nitapunguza baruti." Jibu hilo lingetosha kama bunduki ingekuwa na mtutu mmoja.

Mitutu ya bunduki hizi haiko sambamba. Ukifyatua wa kulia, bunduki inarudi nyuma huku ikipindia kulia kabla kichwa hakijatoka mdomoni, na wa kushoto vivyo hivyo kwa upande wake. Ndiyo maana fundi wa London au Birmingham aliielekeza ndani kidogo. Aliweka kabari katikati, akapiga shabaha, akayeyusha lehemu, akaisogeza kabari, akapiga tena, mpaka mitutu yote ikakubaliana. Kazi yote hiyo aliifanya kwa uzito mmoja na kasi moja. Fungua bunduki kuukuu ya Kiingereza, utazame chini ya mitutu karibu na chemba: mara nyingi utakuta imegongwa 80-570, yaani kordaiti (baruti ya Kiingereza ya zamani) greni 80, kichwa greni 570. Kichwa kizito kinachokwenda taratibu hukawia ndani ya mtutu, bunduki inazidi kupinda, na mita 50 mbele unapata mafungu mawili ya matundu, la kulia limekimbilia kulia na la kushoto kushoto.

Halafu kuna kiini. Chini ya koti jembamba la shaba, M33 na M2 zina chuma, na chuma hakibonyei kama madini ya risasi kinapobanwa na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha. Mitutu ya zamani ni myembamba. Nimeshika mmoja ambao ukiuelekeza dirishani mwanga unakuonyesha mifereji ya ndani ikiwa imejichora upande wa nje, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Hakuna fundi wa kuurudisha ulivyokuwa. (Vyenye ncha nyeusi, ya fedha au ya bluu hafifu hata usiviguse: cheusi ni cha kutoboa deraya, cha bluu kinawasha moto, cha fedha kinafanya yote mawili.)

Kuwindia ndiyo kabisa usifikirie. Kichwa chenye ncha kali uzito wake uko nyuma, kikiingia nyama kinapinduka na kuacha njia. Kwa nyati au tembo unataka solidi, yaani kichwa kigumu kisichotanuka, ya pua butu, inayokwenda moja kwa moja.

Sishangai wazo hili lilivyoanza. Kynoch, kiwanda cha risasi cha Uingereza, walipoacha kutengeneza risasi kubwa hizi miaka ya 1960, wenye bunduki walibaki na magobore ya kutundika ukutani, na chochote cha 0.510 kilikuwa mwokozi. Siku hizi vichwa halisi vya greni 570 vinapatikana, ni ghali tu.

Ukitaka mazoezi ya bei nafuu, subu vichwa vya madini ya risasi vya greni 570, uvijazie vifikie kasi ambayo bunduki ilirekebishiwa. Ila kwanza sukuma kipande laini cha madini ya risasi kupitia kila mtutu, taratibu kwa ufito wa mbao, ukipime kwa maikromita. Bunduki za zamani zinatofautiana, na hata mitutu miwili ya bunduki moja huweza kutofautiana. Ukikuta 0.508, hata kichwa cha dukani cha 0.510 usikitie kabla fundi hajaiona.