Ulibadilisha laini, ila akaunti zako bado zinaijua ile ya zamani

Watu wakiniletea shida ya akaunti karibu wote wanaanza hivi hivi, "nimedukuliwa". Sawa, nawasikiliza, nauliza maswali mawili matatu, na mara nyingi nakuta hakuna aliyedukua kitu. Simu imeibiwa kwenye daladala au imezama kwenye ndoo, mtu kanunua nyingine, anataka kurudi kwenye imeili yake, Google wanamwambia tumetuma namba za uhakiki kwenye laini inayoishia na 47, na hiyo 47 ni laini aliyoiacha zamani yuko chuo kwa sababu mtandao mwingine ulikuja na bando zuri la usiku. Paswedi anaikumbuka na anaiandika sahihi kabisa, ila simu ni mpya kwahiyo mfumo haumuamini mpaka alete zile namba, na zile namba zinaenda kwa mtu asiyemjua.

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta na mifumo ya ofisi ndogo ndogo hapa Dar, maduka, zahanati, shule binafsi, na jioni ndugu na majirani nao wananiletea simu zao. Nikipima shida zinazokuja mezani, virusi vipo na wadukuzi wapo, lakini kinachowafungia watu nje ya akaunti zao zaidi ya vyote ni taarifa za zamani ambazo hakuna aliyekumbuka kuzibadilisha.

Tuanze na laini yenyewe. Namba ya simu si mali yako moja kwa moja, umepewa uitumie. Ukikaa muda mrefu huweki vocha wala hupigi, mtandao unaifunga, inakaa kando kwa muda, halafu inarudi sokoni kama laini mpya. Mwaka 2021 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Princeton kule Marekani, Kevin Lee na Arvind Narayanan, walichukua namba 259 ambazo mitandao miwili mikubwa ilikuwa inawapa wateja wapya, wakakuta 171 bado zimeunganishwa na akaunti za watu waliokuwa nazo zamani kwenye tovuti maarufu. Yaani mwenye laini mpya anabonyeza "nimesahau paswedi", anapokea ujumbe, anaingia, na hahitaji kujua chochote kuhusu udukuzi. Na wala usidhani ni mambo ya Marekani, nunua laini hapa Kariakoo uone wiki ya kwanza utakavyopigiwa na watu wanaomdai mtu ambaye hujawahi hata kumsikia.

Imeili nazo zina tabia zake. Yahoo walitangaza Juni 2013 kwamba majina ya imeili yaliyoachwa bila kutumika watawapa watu wengine wanaoyataka, na mpaka leo nakutana na watu ambao Gmail yao imewekewa Yahoo ya enzi za intaneti kafe kama imeili ya dharura (ile ya kukurudisha ndani ukifungiwa nje ya akaunti), Yahoo ambayo hawajaifungua tangu wanamaliza fomu foo. Google wao hawampi mtu mwingine anuani yako, ila tangu Desemba 2023 wana utaratibu wa kufuta akaunti binafsi iliyokaa miaka 2 bila kuguswa, na ikifutwa picha za harusi na za watoto ndo basi tena. WhatsApp akaunti ikikaa siku 120 bila kutumika nayo inafutwa.

Sasa kuna hili la stationary, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ni ugonjwa wetu kabisa. Mtu anataka TIN, au anaomba mkopo wa chuo wa HESLB, au anajisajili Ajira Portal kutafuta kazi serikalini, mfumo unataka imeili na yeye hana au haitumii, anaenda stationary. Kijana wa pale ana foleni, hana muda wa kukufundisha, anakufungulia imeili fasta fasta, paswedi anaweka ile ile anayowawekea wote, namba ya dharura anaweka yake, na wengine hawafungui hata hiyo imeili, wanatumia tu ya kwao. Siku ile kila kitu kinakwenda vizuri, fomu inatoka, unalipa unaondoka. Miezi inapita unaitwa kwenye usaili na taarifa inaenda kwenye imeili ambayo huna hata paswedi yake. Au unataka kuingia kwenye mfumo wa TRA ukadirie kodi, unarudi stationary unakuta pamekuwa saluni. Simlaumu yule kijana sana, anasaidia watu wengi ambao bila yeye wasingepata huduma, lakini kabla hujanyanyuka kwenye kiti chake hakikisha umeandika imeili gani imetumika, namba gani imewekwa, na ukifika nyumbani badilisha paswedi na hiyo namba ya dharura siku hiyo hiyo.

Ndugu wa shida hiyo ni laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Mnakumbuka ule usajili wa alama za vidole ulioanza Mei 2019, mwisho ukasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, na wengi wetu namba za NIDA zilikuwa hazijatoka. Watu walifanyaje? Shemeji akaweka kidole, au kaka, au mwenye nyumba. Laini ikaendelea kupiga kazi mpaka leo na hela inaingia humo, kimya. Siku simu imeibiwa unataka kurudisha laini ndo unaambiwa mlete mwenye kidole, na mwenye kidole yuko Katavi, au mmeshagombana, au ametangulia mbele ya haki. Piga *106# leo, inakuonyesha laini uliyoshika imesajiliwa kwa jina gani na laini zote zilizo chini ya namba yako ya NIDA. Ukikuta yako ina jina la mtu, nendeni wote wawili mkabadilishe umiliki kipindi bado mnasalimiana. Ukikuta laini usizozijua ziko chini ya jina lako, zikane, maana likifanyika kosa kwa hiyo laini wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Kama unabadilisha namba, kuna mpangilio wake na watu wengi wanaukosea kwa kuitupa laini ya zamani mapema. Usiitupe. Ianze imeili, kwa sababu imeili ndo inayofungua vingine vyote, weka namba mpya, na imeili ya dharura iwe ya mtu hai unayemwamini au yako nyingine unayoifungua kweli. Google ukibadilisha namba ya dharura wanaweza wakaendelea kwa siku 7 kutuma uhakiki kwenye ile ya zamani, kwahiyo wiki hiyo laini ya zamani ibaki kwenye simu. Halafu WhatsApp, na hapa usifute programu ukaanza upya, ndani ya setingi za akaunti kuna sehemu ya kubadilisha namba inayohamisha magrupu yako yote kwenye namba mpya, na washa ule uhakiki wa hatua mbili wenye namba ya siri ya tarakimu 6. Baada ya hapo benki, ambako wengi watataka uende mwenyewe na kitambulisho, na ni vizuri wanavyotaka hivyo. Kisha mifuko ya jamii, bima, TRA, BRELA kama una kampuni, shule wanayosoma watoto. Laini ya zamani iache hata miezi miwili mitatu kwenye simu ndogo ya tochi uone ni nani bado anaitumia ujumbe. Kila ujumbe unaoingia unakwambia sehemu uliyoisahau.

Kwenye ofisi inakuwa kubwa zaidi. Duka lina Instagram yenye wateja wengi, iliyofunguliwa na binti aliyekuwa anauza kipindi kile kwa namba yake, akaacha kazi, na bosi hajui hata imeili iliyotumika. Dawa yake ni daftari. Sitanii, daftari la karatasi linalofungiwa kwenye droo, au jedwali kwenye kompyuta lisilofunguka bila paswedi. Kila akaunti ya ofisi ina mstari wake: inaitwaje, imefunguliwa kwa imeili gani, namba ipi inapokea uhakiki na simu yenye hiyo namba iko kwa nani, malipo yake yanaisha lini (jina la tovuti likisahaulika kulipiwa, tovuti na imeili zote za kampuni vinazimika pamoja), na tarehe ya mwisho kuhakikiwa. Paswedi za akaunti zenyewe usiandike humo. Mfanyakazi akiondoka, daftari linafunguliwa mbele yake siku anayokabidhi, kabla hajalipwa chake cha mwisho kama unapenda. Na nunueni laini moja ya ofisi isajiliwe kwa jina la kampuni.

Programu sasa. Watu wanaona apdeti kama usumbufu, nami naelewa, bando ni hela. Ila kuna kitu kidogo wengi hawakijui: Play Store kwa kawaida imewekwa ijiapdeti yenyewe ukiwa kwenye wifi tu. Kama maisha yako yote ni bando la simu, hiyo wifi haiji, na programu zako zinazeeka kimya kimya mpaka siku WhatsApp inakataa kufunguka na kusema toleo limekwisha muda. Hapo ndo mtu anaomba linki kwenye grupu, anatumiwa GBWhatsApp, ile WhatsApp ya kuchakachua, na akaunti inafungiwa na WhatsApp wenyewe. Bora uingie Play Store mwenyewe mara moja kwa mwezi na uapdeti chache zenye uzito, WhatsApp, programu ya benki, ya pesa za simu, na brauza. Magemu yasubiri.

Kompyuta ndo kuna kisa. Machi 14, 2017 Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu moja kwenye Windows. Mei 12 mwaka huo huo programu ya wadukuzi iitwayo WannaCry ikapita kwenye tundu lile lile, ikafunga mafaili na kudai fidia, mashine zaidi ya laki mbili kwenye nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Apdeti ilikuwepo karibu miezi miwili, watu hawajaiweka. Na huku kwetu nakuta Windows ya kuchakachua ambayo fundi amezima apdeti kabisa ili isile bando na ili isigundulike, halafu humo ndo kuna mahesabu ya duka zima. Ofisi yenye kompyuta kadhaa kwenye mtandao mmoja haina haja ya kila moja kupakua peke yake, Windows 10 na 11 zina uwezo wa kugawana, moja ikishusha nyingine zinachukua kwake, angalia tu kama imewashwa kwenye setingi za apdeti.

Hiyo Windows 10 yenyewe ilifika mwisho wa kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu wa kawaida kuna nyongeza ya apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026 ila lazima ujiandikishe, haiji yenyewe. Laptop nyingi za used zinazouzwa hapa mjini zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 mpaka cha 7 na Windows 11 kwa vigezo vya Microsoft inaanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), kwahiyo kabla hujalipa muulize muuzaji ni kizazi gani, akikujibu "hii ni i5 bosi, iko fresh" bado hajajibu swali.

Halafu wezi nao wanalipenda sana hili neno la kusasisha. "Ndugu mteja sasisha taarifa zako la sivyo akaunti itafungwa." Au ile maarufu, mimi mwenye nyumba wako, nimebadilisha namba, kodi itume huku. Kwenye biashara inakuja kwa suti, barua yenye nembo ya msambazaji wenu ikisema wamebadilisha akaunti ya benki. Mtu yeyote akikwambia taarifa zake za malipo zimebadilika, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usipige ile iliyo kwenye ujumbe, na usilipe mpaka umesikia sauti unayoijua. Meseji za kitapeli zitume kwenda 15040, ni bure na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanazifanyia kazi.

Swali ninaloulizwa sana ni paswedi zibadilishwe kila baada ya muda gani. Jibu langu huwa linawashangaza: kama ni ndefu, hujaitumia sehemu nyingine, na hakuna dalili imevuja, iache. Hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2017 walisema watu wasilazimishwe kubadilisha kwa kalenda tu, maana mtu akilazimishwa anatoka Juma2024 anaenda Juma2025.