Chama cha AfD hakikuzaliwa na wakimbizi

Juma lililopita nimesoma tena, safari hii katika tasnifu ya tatu tangu mwaka uanze, kwamba chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia nchini Ujerumani, kilianzishwa baada ya Kansela Merkel kuwafungulia wakimbizi mipaka mwaka 2015. Sentensi moja, makosa mawili, na kalamu yangu nyekundu inakaribia kwisha wino. Naandika haya ili mwakani niwaelekeze wanafunzi hapa, nami nipumzike.

Kwanza, tarehe. AfD kilianzishwa Februari 2013, na kinara wa waasisi wake alikuwa Bernd Lucke, profesa wa uchumi wa Hamburg, ambaye ugomvi wake ulikuwa na sarafu ya euro na mabilioni yaliyotengwa kuiokoa Ugiriki. Hata jina lenyewe, Chama Mbadala kwa Ujerumani, ni kijembe kwa Merkel, aliyeshikilia kwamba sera yake ya kuiokoa euro haina mbadala. Septemba mwaka huohuo, katika uchaguzi wa Bunge la Shirikisho, kilipata asilimia 4.7, kikakwama chini ya kizingiti cha asilimia 5 cha kuingilia bungeni. Mwaka uliofuata kikapeleka wabunge 7 katika Bunge la Ulaya. Hayo yamo vitabuni, siyarefushi.

La kulirefusha ni la mkutano wa chama mjini Essen, maana hapo huteleza hata wenzangu wanaoujua vizuri mwaka 2013. Husema: sawa, kilianza kama chama cha maprofesa, kisha wakimbizi wakakigeuza kuwa cha siasa kali. Tazameni kalenda. Mkutano mkuu wa Essen, ambako Lucke alizomewa ukumbini mbele ya wanachama zaidi ya 3,000, kisha akashindwa uongozi wa chama na mwenzake Frauke Petry kwa takriban asilimia 60 ya kura dhidi ya 38, ulifanyika mwanzoni mwa Julai 2015. Merkel alitamka ile kauli yake ya "Tutaweza" tarehe 31 Agosti, na treni zilizojaa wakimbizi kutoka Hungary zikamiminika München mwanzoni mwa Septemba. Waliomzomea profesa walikuwa na hoja zao za Uislamu, uhamiaji na utaifa kabla ya treni hizo, na katika majimbo ya mashariki ya Sachsen, Thüringen na Brandenburg chama kilikuwa kimeshaingia mabungeni tangu 2014.

Na mipaka, jamani, haikufunguliwa. Austria na Ujerumani zote zimo katika eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida katika mipaka baina yao, kwa hiyo mpaka ulikuwa wazi tayari. Alichokataa Merkel ni kuufunga. Mwanafunzi anayeandika "alifungua" anakariri, pasipo kujua, msemo wa chama kilekile anachodai kukichunguza.

Haki nayo isemwe. Lucke alipoondoka, chama kilishuka chini ya asilimia 5 katika kura za maoni, na ni suala la wakimbizi lililokifufua. Alexander Gauland, mmoja wa waasisi, aliuita mgogoro huo zawadi kwa chama. Mwaka 2017 kikapata asilimia 12.6 na viti 94 katika Bunge la Shirikisho. Wakimbizi basi walikikuta chama mahututi, hawakukizaa.

Hapa ndipo ninapoanza kusitasita mbele ya darasa. Mshale ninaouchora ubaoni kutoka kwa wakimbizi hadi kwenye kura unasimama vizuri mpaka 2017, kisha unapinda. Mwaka 2024 maombi ya hifadhi yalipungua kwa karibu theluthi moja kulinganisha na 2023, lakini katika uchaguzi wa Februari 2025 AfD kikazoa asilimia 20.8 na viti 152, maradufu ya kura za 2021. Kwa miaka mingi nilijiegemeza kwenye maelezo ya mashariki: uchungu wa muungano wa Ujerumani Mashariki na Magharibi wa 1990, viwanda vilivyofungwa, vijana waliohama. Maelezo hayo hayajafa, kwani asilimia za huko bado ndizo kubwa kuliko zote. Ila ukihesabu kura zenyewe badala ya asilimia, takriban saba kati ya kumi zilipigwa magharibi, wanakoishi watu wengi zaidi. Kule Gelsenkirchen, mji wa migodi ya makaa uliokuwa ngome ya SPD, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia, AfD kiliongoza katika kura ya pili, ile ya safu ya kulia ya karatasi, iliyochapwa kwa buluu, ambayo Mjerumani humpigia nayo si mtu bali chama.

Nilikuwa na slaidi ya ramani, mashariki imepakwa rangi nzito na magharibi nyepesi, niliyoitumia kila muhula kufungia somo. Nimeifuta, na nafasi yake bado iko tupu.