Je, wajua kwa nini mwalimu Ujerumani anaweza kukuambia msimamo wake ila haruhusiwi kukubana uufuate?

Wengi tukisikia habari za siasa shuleni tunawaza jibu moja tu, ticha anyamaze, afundishe kilichomo kitabuni, mengine watu wakabishane vijiweni. Ujerumani hawakwenda hivyo. Kule siasa ni somo kabisa, jina tu ndo linabadilika jimbo kwa jimbo maana elimu iko mikononi mwa majimbo na yako 16, na humo darasani wakimbizi, kodi, jeshi, nyuklia, vyote vinajadiliwa. Ila kuna mipaka mitatu ambayo mwalimu lazima aijue, na kinachonishangaza mimi ni kwamba hiyo mipaka haikuanza kama sheria ya bunge, wala siku ilipozaliwa hakuna mtu aliyeipigia kura.

Stori yenyewe iko hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 70 Ujerumani Magharibi walikuwa wanararuana kuhusu shule. Walikuwa wametoka kwa Wanazi, 1933 hadi 1945, kipindi ambacho mwalimu alikuwa mdomo wa chama na hata maswali ya hesabu yalitumika kumwonyesha mtoto kuwa walemavu ni gharama kwa taifa (hesabu jamani!). Ng'ambo ya mpaka, Ujerumani Mashariki, somo la uraia lilikuwa la kukariri msimamo wa chama. Halafu ikaja 1968, wanafunzi wa vyuo vikuu barabarani, na baadhi yao wakaja kuingia kwenye ualimu na moto wao bado unawaka. 1972 jimbo la Hessen, lililokuwa chini ya chama cha SPD, cha mrengo wa kushoto wa wastani, likaleta mwongozo mpya wa masomo ya jamii uliotaka mtoto ajifunze kuhoji mamlaka na kuiona migogoro iliyomo kwenye jamii, weee, wapinzani wao wahafidhina wa chama cha CDU wakawaka, wazazi wakawaka, wakidai watoto wanatiwa kasumba ya Kimarx. Na mwaka huohuo serikali ikaanza kuwachuja watumishi wa umma, walimu wakiwemo, ili wenye msimamo mkali wasipate ajira. Kwa hiyo kila upande ulikuwa unaamini upande wa pili unataka kuwaibia watoto.

Basi 1976 bwana mmoja anaitwa Siegfried Schiele, mkuu wa ofisi ya elimu ya siasa ya jimbo la Baden-Württemberg, akawaita wataalamu wa pande zote Beutelsbach, sehemu ya mizabibu karibu na Stuttgart. Wakabishana, wakafunga mabegi, wakaondoka. Hamna azimio, hamna saini. Baadaye mwenzake wa ofisini, Hans-Georg Wehling, ndo akakaa akaandika yale mambo matatu aliyoona yeye kwamba pamoja na kelele zote hakuna aliyeyapinga, yakatoka kitabuni 1977, na kichwa cha andiko lake kilikuwa na alama ya kuuliza, yaani hata mwandishi mwenyewe hakuwa na hakika kama kweli watu wamekubaliana! Leo yanaitwa Makubaliano ya Beutelsbach na huwezi kusomea ualimu wa siasa kule bila kukutana nayo.

La kwanza, ni marufuku kumzidi nguvu mwanafunzi, yaani kumteka kwa ujanja, kwa kumtisha, kwa maksi, au kwa kumwagia hoja haraka haraka mpaka akose nafasi ya kufikia uamuzi wake mwenyewe. La pili, kitu ambacho wasomi na wanasiasa wanakibishania huko nje, darasani pia lazima kionekane kinabishaniwa. La tatu linasahaulika sana, mwanafunzi afike mahali anaweza kuichambua hali ya kisiasa na kuona maslahi yake yeye yako wapi humo, na afanyeje ili sauti yake ifike.

Sasa ukiangalia vizuri utaona hakuna sehemu imeandikwa mwalimu asiwe na maoni. Hapa ndo watu wengi wanapotea, hata Wajerumani wenyewe. Mwaka 2018 chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia, huko Hamburg kilifungua tovuti ya wanafunzi na wazazi kuripoti walimu wanaokiuka eti kanuni ya kutoegemea upande, hasa wanaokisema vibaya hicho chama, na ikazuka kelele kubwa maana walimu waliona watoto wanafanywa wawachongee. Jibu walilopewa AfD na wengi wa upande wa elimu ni kwamba kutomzidi nguvu mwanafunzi na kutokuwa na msimamo ni vitu viwili tofauti. Katiba ya Ujerumani ya 1949, ibara ya kwanza kabisa, inasema utu wa binadamu haukiukwi, na mwalimu wa umma ameajiriwa chini ya katiba hiyo, kwa hiyo mtoto akisimama darasani akasema watu wa kabila fulani si binadamu kamili, mwalimu hatakiwi kujibu "haya, na upande wa pili unasemaje?".

Waingereza nao walishajaribu njia ya kunyamaza. Mtaalamu wa elimu Lawrence Stenhouse na mradi wake ulioanza 1967 alitaka kwenye mada zenye mvutano mwalimu awe kama mwenyekiti wa kikao tu, awape wanafunzi ushahidi, aongoze mazungumzo, maoni yake abaki nayo. Wazo zuri, ila wanafunzi si wajinga, mwaka mzima mnakaa naye watajua tu ticha anaelemea wapi, na mimi naona msimamo uliosemwa wazi ni rahisi kuupinga kuliko ule unaopenyezwa kwa kuchagua nani aongee kwanza.

Lakini swali gumu zaidi, ambalo Beutelsbach hawakulimaliza, ni nani anasema kitu fulani kina ubishi? Wanafalsafa wa elimu wamegawanyika hapo. Ukisema kitu kina ubishi kwa sababu tu watu wanakibishania, basi kampuni ya sigara ikitoa hela za kutosha kuanzisha ubishi, darasani itabidi mjadili kama sigara inaua. Robert Dearden mwaka 1981 alipendekeza kipimo kingine, akaja Michael Hand 2008 akakitetea: fundisha kwa namna ya mjadala pale tu ambapo mtu anaweza kushika msimamo tofauti bila kwenda kinyume na akili na ushahidi. Kwa kipimo hicho, kwamba joto la dunia linapanda kwa sababu ya shughuli za binadamu si mjadala, ila nani alipe gharama na kwa haraka gani, hapo bishaneni mpaka kengele. Mimi niko na hawa, ingawa kuna tatizo lake, nani ataamua ushahidi umetosha, wizara?

Chukua mfano unaotuhusu. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jeshi la Mjerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa Tanzania, na makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa, yanafika 300,000. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakutana na ukoo wa Songea Mbano, chifu aliyenyongwa 1906, akaomba msamaha. Ukiingiza hilo kwenye darasa la Ujerumani, kwamba mauaji yalitokea si mada ya kupiga kura, ni historia. Kama mabaki ya watu yaliyopelekwa Ujerumani yarudi haraka kiasi gani, kama walipwe fidia na alipwe nani, wajukuu au serikali, hayo watu wenye akili timamu bado wanavutana, na mwalimu wa Hamburg akitaka kusema yeye anaona nchi yake ilipe, aseme, alimradi dogo wa kiti cha nyuma anayeona haina haja ya kulipa, akileta hoja zake zimekaa vizuri, asipunguziwe maksi.