"Nusu-sintetiki" haina maana ya nusu ya ukali

Kanabinoidi nusu-sintetiki ni kemikali inayotengenezwa maabara kutokana na kitu kilichotoka kwenye mmea wa bangi, mara nyingi CBD, kemikali ya bangi isiyolevya. Inayojulikana zaidi ni HHC. Mkemia wa Marekani, Roger Adams, aliitengeneza miaka ya 1940 kwa kuiongezea hidrojeni THC, ile kemikali ya bangi inayolevya.

Ninachosikia kila mara ni kwamba, kwa kuwa ni "nusu", basi stimu yake nayo ni nusu. Hapana. Neno hilo linaeleza ilikotoka, na halisemi lolote kuhusu itakavyomfanya mtu kichwani. Wanaotumia HHC husimulia yale yale ya bangi: furaha, mwili kulegea, muda kwenda polepole, mdomo kukauka, macho mekundu, na wengine hofu, moyo kwenda mbio, hata kuona visivyokuwepo. HHC yenyewe huwa na molekuli za sura mbili, 9R na 9S. Ya kwanza hushika vizuri kipokezi cha ubongo kiitwacho CB1, ya pili hushika kidogo tu. Uwiano wake hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa, ndiyo maana mmoja atakwambia hakuhisi kitu na mwenzake amelala chini anatapika. Halafu ipo HHC-P, nusu-sintetiki vilevile, yenye mkia mrefu zaidi wa kaboni, na inatosha kidogo sana kumlevya mtu. Ikiwekwa kwenye peremende za jeli hatari huongezeka, maana ya kula huchelewa kupanda. Mtu huona kimya, akaongeza ya pili.

Kosa la upande wa pili ni kuziita zote "Spice". Spice ni majani makavu yaliyonyunyiziwa kemikali za maabara kama JWH-018, ambazo hazikuanzia kwenye bangi hata kidogo. JWH-018 huamsha CB1 kikamilifu, wakati THC huiamsha kwa sehemu tu. Kuzichukulia kuwa kitu kimoja kunamnyima daktari fununu anayoihitaji.

Mwaka 2025 nchi wanachama wa Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya zilipiga kura HHC iingizwe kwenye orodha ya vitu vinavyodhibitiwa kimataifa.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiambiwa "hii ni nusu tu", uliza ni ipi kati ya hizo, na kila kipande kina miligramu ngapi.