了 (le) si "-li-" ya Kichina

Kila nikipokea darasa jipya la Kichina, wiki haiishi kabla mtu hajaniambia: "Mwalimu, 了 ni wakati uliopita." Hapana! Kosa hili linanichosha kuliko yote, kwa sababu likishaota mizizi hata mwanafunzi hodari hulibeba hadi kwenye chumba cha mtihani.

Kichina hakina kiambishi cha wakati. Wakati hutajwa kwa maneno yake: 昨天 (zuótiān) jana, 去年 (qùnián) mwaka jana, 以前 (yǐqián) zamani. Kazi ya 了 ni kuonyesha kwamba tendo limetimia au hali imebadilika. Sentensi "nilipokuwa mtoto nilipenda kula maembe" ni 我小时候喜欢吃芒果 (wǒ xiǎoshíhou xǐhuan chī mángguǒ). Ni habari za zamani, na 了 haimo, kwa kuwa kupenda ni hali, hakuna tendo lililofikia mwisho. Wanafunzi huibandika tu kwa kuwa wameona "-li-".

Sasa tazama 明天我吃了饭就去 (míngtiān wǒ chīle fàn jiù qù): kesho nikishakula nitakwenda. Chakula chenyewe hakijapikwa, lakini 了 ipo, maana kula kutatimia kwanza ndipo niondoke. Sisi Waswahili tuna bahati: "-me-" na "-sha-" ziko karibu zaidi na 了, basi anzieni hapo. 下雨了 (xià yǔ le), mvua imeanza kunyesha. 我不去了 (wǒ bú qù le), siendi tena, nimeghairi. Ukimwita mhudumu wa mgahawa Guangzhou, atakujibu 来了 (lái le), naja, akiwa bado upande wa pili wa ukumbi.

Na msidharau 了 ya mwisho wa sentensi. 我在广州住了三年 (wǒ zài Guǎngzhōu zhùle sān nián): niliishi Guangzhou miaka 3, na kwa kawaida msikilizaji ataelewa kwamba umeshahama. Ongeza 了 nyingine mwishoni, 住了三年了, maana inakuwa nina miaka 3 hapa na bado nipo. Kila mkikutana na 了, andikeni pembeni ya daftari: nini kimetimia, au nini kimebadilika? Kwangu hilo lina faida kuliko kukariri kurasa za sarufi.

Wengine husema 我没去了 wakitaka "sikwenda". Sema 我没去 (wǒ méi qù), basi. 没 ikikanusha tendo, 了 huondoka. Itarudi ukitaja muda ambao jambo halijafanyika, kama 三天没去了 (sān tiān méi qù le), siku 3 sijaenda.

Wafanyabiashara nao hudhani 太贵了 (tài guì le) ni "bei imepanda". Ni "ghali mno" tu, hata kama bei haijabadilika tangu mwaka jana.

Halafu si kila 了 husomwa "le". Katika 受不了 (shòu bu liǎo), "siwezi kuvumilia", ni liǎo, na toni ya tatu isikike.