Sadaka, Wakfu na Hati ya Kiwanja: Usimamizi wa Mali katika Taasisi za Dini

Katika zahanati moja ya kanisa niliyoalikwa kukagua vitabu vyake, mabati ya jengo la ibada yalikuwa yamenunuliwa kwa fedha za dawa. Hakuna aliyeiba. Mchungaji alimwagiza mhasibu kwa mdomo aziazime fedha hizo hadi mavuno, mhasibu akaona haya kumdai kiongozi wake wa kiroho saini kwenye hati ya malipo, na mfadhili alipotaka hesabu, stakabadhi za dawa hazikuonekana.

Hapo imani haikupungua. Heshima ndiyo iliyochukua nafasi ya utaratibu. Ajabu ni kwamba dini zenyewe ziliweka mipaka zamani. Zaka ina mafungu manane ya wanaostahili kupewa, na aliyeiweka nyumba wakfu kwa ajili ya madrasa amekwisha kufunga matumizi ya kodi yake, hata kama paa la msikiti linavuja. Mtume Paulo naye, alipopeleka michango kwa waumini wa Yerusalemu, alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asipatikane wa kumshuku. Kwa hiyo mhasibu anayedai saini ya pili hamvunjii adabu shehe wala padri.

Fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu ziwe na akaunti yake au, kwa uchache, daftari lake. Sadaka ihesabiwe papo hapo na watu wasiopungua wawili, wasiotoka nyumba moja, nao watie saini kabla mfuko haujatoka chumbani. Masurufu ya safari yarejeshwe kwa stakabadhi kabla mtu hajapewa mengine, awe dereva au askofu.

Zito zaidi ni mali isiyohamishika. Tanzania Bara, sheria ya wadhamini, Sura ya 318, inaipa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) hadhi ya mtu kisheria: inamiliki kiwanja, inashtaki na kushtakiwa, wala haifi wajumbe wake wanapobadilika. Hata hivyo, bado tunakuta hati za viwanja vya misikiti na shule zikiwa na jina la mwanzilishi, kwa sababu siku ya kununua ndiye aliyekwenda ofisi ya ardhi. Akiwa hai, kuhamisha umiliki kwenda kwa bodi kunahitaji ridhaa yake, fomu na malipo ya serikali. Akishafariki, jina lililo kwenye hati linaiingiza taasisi katika shauri la mirathi pamoja na watoto wake.